Kifurushi cha "Mwaka wa Kwanza" cha steshenari za Ngamiani, Tanga: lipia karatasi, vifaa waachie

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, steshenari za Ngamiani hujaza matangazo mlangoni: maombi ya chuo, mkopo, uhakiki wa vyeti RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), bima, mpaka shuka na ndoo za hosteli, vyote kwa malipo ya mkupuo. Tathmini hii ni ya wazazi wa Tanga ambao mtoto wao anaelekea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Mlimani, na wanajiuliza kama kifurushi hicho kina thamani ya pesa yake. Upande wa karatasi tunaupa alama nane kati ya kumi. Upande wa vifaa tunaupa tatu, na hizo tatu ni za ukarimu.

Huduma yenyewe haijaanza kwa bahati mbaya. Vijana wengi wa kidato cha sita huwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Maramba na kwingineko, wakati madirisha ya maombi yako wazi. Simu kambini ni ya kubahatisha. Basi anayekimbia na bahasha ya vyeti ni mama au baba, na wengi wao hawajawahi kufungua mfumo wa maombi wa chuo chochote. Kijana wa steshenari anayefanya kazi hiyo kutwa nzima anajua faili gani litakataliwa na mfumo kabla hujalipandisha. Anaskani cheti moja kwa moja kuwa PDF nyepesi, wakati picha ya simu huwa nzito, imepinda, na kivuli cha mkono kimelala juu ya namba ya cheti. Kwa hilo peke yake wanastahili pesa yao.

Kasoro kubwa iko kwenye namba ya simu na barua pepe. Mzazi hana barua pepe, mtoto yuko kambini, foleni ni ndefu, basi mhudumu anaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende. Siku hiyo hakuna anayeona tatizo. Linajitokeza wiki kadhaa baadaye. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwa ujumbe, tena ndani ya muda uliopangwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Namba ikiingia kwenye simu ya mhudumu aliyefunga duka na kwenda kwao Lushoto kwa mazishi, nafasi ya Mlimani inaning'inia. Hali ni ileile mtoto akisahau neno la siri la akaunti ya mkopo: njia ya kulirejesha inapita kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa.

Kwa hiyo kabla hajagusa kibodi, mwambie afungue barua pepe mpya kwa majina ya mtoto, na namba ya kurejesha iwe ya kwako wewe mzazi, laini ambayo haitabadilika. Neno la siri liandike kwenye daftari lako. Usiliache kwenye daftari la duka, maana tumeona madaftari ya kaunta yenye maneno ya siri ya watoto wa mtaa mzima yakiwa wazi kwa kila anayekuja kutoa kopi. Mtoto akirudi kutoka kambini, abadilishe maneno ya siri yote siku hiyohiyo. Mhudumu mzuri utamjua hapo: hatachukia ukimwomba ageuze kioo cha kompyuta ili usome anachojaza.

Kuhusu bei, kataa mkupuo na uombe mchanganuo. Ada ya kuomba mkopo Bodi ya Mikopo ni shilingi 30,000, na kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA ni shilingi 3,000. Hizo zinalipwa serikalini kwa kontroo namba (namba ya malipo inayotolewa na mfumo), na unaweza kuzilipa mwenyewe kwa simu ukiwa umesimama hapohapo kaunta. Ukitajiwa laki moja kwa mkopo na RITA, toa 33,000, kinachobaki ndicho cha duka: kuskani, kuchapa, bando na muda wao. Ukiona kinachobaki ni kikubwa kuliko kazi, vuka barabara. Ngamiani haina uhaba wa steshenari.

RITA ianze kabla ya mkopo, maana fomu ya mkopo inataka cheti kilichokwisha hakikiwa, na majibu ya uhakiki hayatoki papo hapo. Cheti cha kifo cha mzazi nacho huhakikiwa vivyo hivyo. Tanga ina watoto wengi waliozaliwa Pemba au Unguja. Hao vyeti vyao havihakikiwi RITA bali ZCSRA, wakala wa Zanzibar. Si kila mhudumu analifahamu hili, na tunalitaja kwa sababu ombi la RITA kwa cheti cha Wete ni kupoteza siku.

Fomu ya mkopo ndiyo inayoangusha wengi, na sababu huwa ndogo ndogo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuomba chuo ndiyo hiyohiyo itumike kuomba mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akichanganya, mifumo miwili haitamtambua kuwa ni mtu mmoja. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, hata kwa herufi moja (Mwanaidi na Mwanahidi, Rajabu na Rajab), shughulikia kiapo au hati ya jina mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Fomu ikishachapwa inahitaji saini ya mwombaji, ya mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa, na ya wakili au hakimu. Kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena. Hapo ndipo kifurushi kinapokatikia: maduka mengi huhesabu kazi imekwisha fomu ikichapwa. Ombi la mkopo ambalo kurasa zake za saini hazikurudi kwenye mfumo halijakamilika, hata kama 30,000 imelipwa. Kubalianeni mapema kwamba kupandisha kurasa za saini kumo ndani ya bei, na usiondoke bila kuona kwa macho yako kwamba ombi limepokelewa.

Barua ya udahili ikija, isome mwenyewe. "Kachaguliwa UDSM" kuna maana zaidi ya moja. DUCE iko Chang'ombe, na MUCE iko Iringa, na vyote viwili ni vyuo vikuu vishiriki vya UDSM. Wanaosoma kompyuta na mawasiliano ya kielektroniki, ndaki yao iko Kijitonyama. Uandishi wa habari uko Mikocheni. Mhudumu anayeona neno Dar es Salaam na kumwambia mzazi "Mlimani hiyo, hongera" anaweza kumfanya mtu apange chumba Changanyikeni, jirani na Mlimani, kwa mtoto atakayesoma Chang'ombe.

Pamoja na barua huja maelekezo ya kujiunga na fomu ya uchunguzi wa afya. Fomu hiyo ijazwe na daktari, vipimo vyote vilivyoorodheshwa viwe na majibu, muhuri uonekane. Nenda Bombo au hospitali nyingine yenye maabara na eksirei, na uende asubuhi. Steshenari haina kazi hapa zaidi ya kuchapa, kwa hiyo usikubali kulipia "kusaidiwa fomu ya afya". Bima ya mwanafunzi ya NHIF imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwenye kadi hai aulize kwanza chuoni kabla hajalipa.

Sasa vifaa. Kifurushi huwa na godoro, ndoo mbili, beseni, shuka, chandarua, pasi, na mara nyingine jiko dogo la umeme. Ni orodha ya bweni la sekondari iliyobadilishwa kichwa cha habari. Udahili hauna maana kwamba mtoto amepata kitanda: chumba kinaombwa peke yake, na nafasi hazitoshi kila anayeomba. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 ni majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, na bado wengi wa mwaka wa kwanza huishia hosteli ya Mabibo au kupanga mtaani. Huwezi kujua upana wa godoro kabla hujajua kitanda. Ndoo na beseni zimejaa Mwenge na Manzese. Jiko na hita usinunue kabisa, maana hosteli nyingi zinakataza kupika chumbani na vitu hivyo huchukuliwa kwenye ukaguzi.

Cha kubeba kutoka Tanga ni kidogo: shuka mbili, chandarua, kufuli imara, kanga au kikoi, na dawa anazotumia mtoto. Kompyuta mpakato isubiri. Mwanafunzi wa sheria na wa uhandisi hawahitaji mashine moja, na wenzake wa mwaka wa pili watamwambia programu zipi anazihitaji.

Pesa iliyookolewa kwenye ndoo iwekwe akiba ya chakula. Boom, yaani pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, haliingii siku ya kuripoti. Mwanafunzi anakamilisha usajili kwanza, anasaini, kisha anasubiri. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo boom la siku 60 ni 600,000, na kodi ya mtaani inatoka humohumo. Orodha za Bodi pia hutoka kwa awamu. Kukosa jina awamu ya kwanza si kunyimwa, angalieni akaunti yake ya SIPA, ile ya mwombaji kwenye mfumo wa Bodi, kabla ya kuanza kulia. Kadiria wiki nne hadi sita za matumizi ya mfukoni, na mpe kwa vipande kupitia simu.

Safari inaanzia stendi ya Kange. Basi likipita Chalinze, ashuke Mbezi, kituo cha Magufuli, au Ubungo kama basi linafika huko. Likikata Msata na kuingia kwa Bagamoyo, Mwenge ndiyo karibu na Mlimani. Afike katikati ya juma, maana anayeingia Ijumaa jioni atalala siku mbili mjini bila ofisi hata moja kufunguliwa. Vyeti halisi, barua ya udahili na fomu ya afya viwe kwenye mkoba anaoupakata, kopi tatu tatu za kila kimoja ziwe ndani ya begi kubwa kwenye buti.