Tahadhari: Muuzaji Anayeuza Kondoo Wazee kwa Jina la Dorper na Nyama ya Bega kwa Jina la Fileti

Ndugu wafugaji na wanunuzi wa nyama, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayefanya biashara ya mifugo na nyama kwa picha na ujumbe wa simu, ambaye nilimlipa kwa bidhaa mbili na kudanganywa kwa zote mbili. Simtaji kwa jina kwa sababu jina halitawasaidia: tangu nianze kumdai, amekwisha kubadilisha jina la ukurasa wake mara mbili na namba ya simu mara moja. Asichobadilisha ni mbinu yake. Huyu hauzi mnyama mgonjwa wala nyama iliyooza, maana angegundulika siku hiyohiyo. Anauza mnyama mzima na nyama inayolika, ila kwa jina lisilo lake na umri usio wake, na mnunuzi asiyejua majina hayo yanamaanisha nini anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba ameibiwa.

Tangazo lililoninasa lilihusu kondoo majike sita, walioelezwa kuwa ni Dorper, yaani kondoo wa nyama, wa mbegu safi, kila mmoja mfarika (jike mchanga asiyezaa bado) wa mwaka mmoja na nusu, tayari kwa kupandwa. Picha zilionyesha kondoo weupe wenye vichwa vyeusi, wamepigwa kutoka mbele au ubavuni, wakiwa wamesimama katika majani yaliyowafikia tumboni. Sasa naelewa kwa nini majani yalikuwa marefu kiasi kile, na kwa nini hapakuwa na picha hata moja iliyopigwa kutoka nyuma.

Mwili mweupe na kichwa cheusi havitoshi kumfanya kondoo awe Dorper. Mbegu hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo anayeitwa Blackhead Persian, ambaye asili yake ni upande wa Somalia, na kile kichwa cheusi kinachomtambulisha Dorper kilitoka kwa huyo wa pili. Kwa hiyo mzazi na mtoto wanafanana usoni, na ukiwatazama kwa mbele, picha haiwezi kukuamulia. Tofauti iko nyuma. Blackhead Persian ana fungu la mafuta kwenye kitako, limevimba kama mto mdogo, na mkia wake unaning'inia hapo kama kijiti kilichochomekwa. Dorper hana fungu hilo. Kitako chake kimejaa nyama, na mapaja yake yameshuka mazito hadi karibu na goti.

Kondoo wangu waliposhushwa garini, wa kwanza aligeuka, nikaliona fungu la mafuta. Nilimpigia muuzaji papo hapo, naye akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba wamenenepa mkiani kutokana na lishe nzuri. Ni jibu lililotayarishwa, na ninyi pia mtapewa. Kondoo wa mbegu isiyohifadhi mafuta kitakoni hageuki kuwa na kitako cha mafuta kwa sababu ya kulishwa vizuri. Nilipokata simu nilimshika mmoja, nikapekua manyoya yake begani kwa vidole. Dorper hapo huwa na mchanganyiko wa nywele na sufu fupi inayonyonyoka yenyewe, ilhali huyu alikuwa na nywele tupu, laini na za kulala, kama za mbuzi.

Sina neno baya juu ya Blackhead Persian. Ni kondoo mvumilivu wa ukame, na mtu aliyekusudia kumnunua hajapata hasara. Mimi nilikusudia kuzalisha wanakondoo wa nyama, ambao wakiwa Dorper waliolishwa vizuri hufikia takribani kilo 36 katika umri wa miezi mitatu na nusu hadi minne, na hesabu zangu zote za chakula na mauzo zilisimama juu ya uzito huo.

Jambo la pili lilikuwa mdomoni, na hili ndilo lililonikera zaidi. Kondoo hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ana manane kwenye taya la chini, na umri wake husomwa hapo. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, jozi nyingine hufuata karibu kila mwaka, na anapokaribia miaka minne yote manane huwa yamekwisha kubadilika. Mfarika wa mwaka mmoja na nusu alipaswa kunionyesha meno mawili mapana katikati na meno madogo ya utotoni pembeni. Nilifungua midomo sita. Minne ilikuwa na meno manane yote mapana, na katika miwili kati ya hiyo meno yalikuwa yamelika, yameachana, na jino moja lilicheza nilipoligusa kwa kidole. Hao walikuwa majike waliokwisha kuzaa mara kadhaa na kutolewa kundini kwa uzee, wakauzwa kwangu kwa neno mfarika, ambalo kila mfugaji analijua kuwa ni la mnyama mchanga asiyezaa bado.

Nilipombana kuhusu mbegu, alibadilisha kauli na kusema kwamba pengine si safi kabisa, ila ni chotara wenye asilimia 93 ya damu ya Dorper. Namba hiyo ameichukua mahali, kwa sababu asilimia 93.75 ipo kweli: ukimpandisha jike wa kawaida kwa dume safi unapata nusu, binti yake kwa dume mwingine safi anatoa asilimia 75, anayefuata 87.5, na wa nne ndiye mwenye 93.75. Lakini huyu bwana alikuwa amekwisha kuniambia, akijisifu, kwamba alianza ufugaji miaka miwili iliyopita kwa majike ya kawaida. Kondoo hubeba mimba kwa miezi isiyofika mitano, na hata ukimpandisha jike mapema sana, akiwa na miezi minane, anazaa akiwa na miezi kumi na mitatu hivi. Vizazi vinne kwa mwendo huo vinazidi miaka mitatu na nusu. Mtu akikutajia asilimia, mwombe kumbukumbu za madume ya kila kizazi. Kama hana, asilimia hiyo imetoka kichwani mwake.

Badala ya kunirudishia fedha, alinipendekezea kubadilishana: nimrudishie kondoo, niongeze kiasi kidogo, anipe mtamba (ng'ombe jike asiyezaa bado) wa Friesian, mbegu ya maziwa, mwenye mimba ya miezi mitano. Safari hii nilikataa kulipa chochote kabla ya kumwona mnyama, nikaenda na daktari wa mifugo. Tulimkuta mtamba mzuri kwa kweli, mrefu, mwenye mabaka safi meusi na meupe. Mchungaji wake, akidhani anamsifia, akatuambia kwamba mtamba huyo alizaliwa pacha na dume, kwa hiyo ana damu ya kuzaa mapacha. Daktari alinitazama tu.

Wasiofuga ng'ombe huenda hawajui uzito wa maneno hayo. Ng'ombe wanapobeba mapacha, mara nyingi makondo ya ndama hao huungana na damu zao huchanganyika, na ikiwa mmoja ni dume, homoni kutoka kwake huzuia viungo vya uzazi vya mwenzake jike visikue sawasawa. Zaidi ya asilimia 90 ya majike wanaozaliwa hivyo ni tasa. Kwa nje huonekana kama mtamba mwingine yeyote, hula, hukua, hunawiri, ila hatazaa na hatatoa maziwa. Daktari alimpima, akakuta njia ya uzazi ni fupi mno na hakuna mfuko wa uzazi wa kushika, sembuse mimba ya miezi mitano. Mtu akikuuzia mtamba mwenye mimba, dai tarehe ya kupandwa na dume au kuhamilishwa kwa mrija, uhesabu siku 280 hivi mbele uone kama anayokueleza yanaingiliana, kisha mlete daktari wako mwenyewe. Mimba ya ng'ombe ya zaidi ya miezi miwili daktari huitambua kwa mkono, hivyo hakuna sababu ya kuambiwa usubiri.

Sasa nyama. Niliiagiza siku ileile niliyolipia kondoo, nikiwa bado namwamini: kilo 20 za fileti kwa ajili ya shughuli ya familia, pamoja na miguu ya mwanakondoo. Aliniandikia kwamba fileti yote ilitoka kwa fahali mmoja aliyechinjwa asubuhi hiyo. Hapo ningetumia akili kidogo tu, nisingelipa. Fileti ni mnofu ulio chini ya uti wa mgongo, upande wa ndani, na kila ng'ombe anayo miwili tu, mmoja kila upande. Kwa ng'ombe mkubwa, mmoja una kilo mbili hadi tatu hivi. Fahali mmoja hawezi kukupa kilo 20 za fileti hata akiwa na ukubwa wa kutisha.

Nilichopokea kilikuwa fileti mbili za kweli, zilizowekwa juu, na chini yake minofu mingine iliyochongwa ifanane nazo. Mingine ilitoka begani, ule mnofu wenye umbo la pia ya kuchezea, mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, ambao wachinjaji huujua kwa jinsi unavyoyadanganya macho. Mingine ilitoka nyuma ya paja, mviringo na mrefu, wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Fileti halisi ina kichwa kipana na hukonda kuelekea mkiani, nyuzi zake ni nyembamba, na ukishaondoa ngozi nyeupe ya juu, kisu hakikutani na kitu. Ule wa begani ukiukata katikati unakutana na kano, na ule wa paja una nyuzi nene unazoziona kwa macho. Yote inalika, ikipikwa taratibu kwa muda mrefu. Ikikaangwa haraka kama fileti inatafunika kama mpira, na wageni wangu walitafuna kwa adabu.

Miguu ya mwanakondoo nayo ilikuwa ya kondoo mzima. Kwa kawaida mwanakondoo ni yule asiyefika mwaka, na kwenye mguu wa mbele, mahali kwato zilipokatwa, mfupa wake huachana penye gegedu na kubaki na uso wenye meno meno, mwekundu na wenye unyevu. Mfupa wa mzee umekwisha kufunga hapo, ni mgumu, mweupe na laini kama kipini. Mbavu pia husema: za mchanga ni nyembamba, za mviringo na zina wekundu, za mzee ni bapa na nyeupe. Nilipoiona mifupa ile nilijiuliza kama haikutoka kundi lilelile la majike wazee.

Nimetoa taarifa polisi nikiwa na picha, risiti na ujumbe wote tulioandikiana, na nawaomba wengine waliouziwa hivyo wasifute mazungumzo yao. Kwa sasa anatangaza tena kondoo weupe wenye vichwa vyeusi, katika majani marefu yaleyale, na anataka malipo yote mapema kwa madai kwamba gari liko njiani. Juzi nilimwandikia kwa namba nyingine nikimwomba picha moja tu ya nyuma na video fupi ya mdomo ukiwa wazi. Alijibu kwamba kondoo wake hawajazoea kamera, kisha akaifungia namba hiyo.