Fundi wa iniforme za kwaya pale Kadutu, Bukavu: nyota nne

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza, yaya (yaani mkubwa wetu), fundi gani hapa Bukavu anaweza kushonea kwaya nzima ya jenesi, vijana wa kanisa, bila kuharibu kitambaa? Basi naandika mara moja halafu muniache nipumuzike.

Atelie yenyewe haina hata kibao. Unatoka soko ya Kadutu, unapanda ile njia ya ngazi za udongo kama dakika tano, kama mvua imenyesha hesabu kumi na uvae viatu ambavyo havikuumi roho, utaona mlango wa bati na mashini mbili za kukanyaga kwa miguu ziko ku baraza, mzee moja wa miwani amekaa ku moja, ku ingine mutoto wa ndugu yake. Uliza Mzee Fundi, kila mutu atakuonyesha. Jina siliweki hapa, sikumuomba ruhusa.

Mwaka huu tulimupelekea watu 26, wasichana 15 na wavulana 11, kitambaa tulinunua sisi wenyewe, bulu ya giza na ukanda wa njano ku kola. Robe (gauni) dola 9, suruali na shati dola 12, nusu unatoa mbele. Bei ya chini iko, najua, hata mimi niliifataka. Miaka tatu nyuma tulienda kwa atelie ingine kule chini mujini, kijana anashona haraka ajabu, tukafurahi, siku ya tamasha, wimbo wa pili, dada watatu wa alto wakainua mikono kumusifu Bwana na kwapa zikafunguka zote pamoja, krrr, utasema walipanga. Tulimaliza ule wimbo mikono chini kama askari.

Kwa Mzee hiyo haikufikii. Chukua shati yake ugeuze ndani nje: mushono wa kwapa anaupitisha mara mbili, uzi ni wa rangi ile ile ya kitambaa, na akifika mwisho anarudi nyuma kidogo njo anakata. Vifungo anafunga kwa mukono, mashini haigusi. Halafu pasi. Yake ni ya makaa, ile nzito ya zamani, kwa hiyo umeme ukikatika (na munajua vile unakatikaka) kazi haisimami, anapuliza majivu pembeni, anajaribu ku kipande cha kitambaa kwanza, akiona haijashika njo anapitisha ku nguo. Nguo 26, sikuona hata alama moja ya kuungua.

Lakini kitu cha kuangalia kabisa kwa huyu fundi ni pindo la chini ya suruali, na hapa mutanivumilia kidogo ju nitatoka njia.

Mimi nilifika Kadutu niko na miaka 15, mwisho wa 2004, ule mwaka wa vita ya Mutebusi, kanali aliyeasi, natoka Shabunda, nikawekwa kwa mama mudogo na watoto wake sita ndani ya vyumba viwili. Kiswahili changu kilikuwa cha kuchekesha, Kilega, lugha ya kwetu, kinaingia kila pahali, ku masomo walikuwa wananiita mutu wa pori. Niliingia jenesi ya kanisa, niseme ukweli, haikuwa ju ya Yesu. Nyumbani hakukuwa pa kukaa na ku kanisa kulikuwa mabenchi. Yaya aliyekuwa anaongoza kwaya akanisikia najibu kitu akasema wewe sauti imeisha kuvunjika, nenda kwa besi. Basi nikaenda. Hakuuliza natoka wapi wala kama najua kuimba. Jirani yangu akasogeza kayee (daftari) yake ya nyimbo katikati tusome wawili, na mpaka leo nikisikia wimbo wa sauti nne sisikii sopurano kabisa, nasikia ile besi tu, watu watano wanaunguruma nyuma ya wengine. (Zile nyimbo tulirizi kwa wamisionari wa Uswidi, wapentekoste waliofika huku tangu 1921, lakini vile Kadutu inaziimba na gitaa ya solo na ngoma, sizani Mswidi angezitambua.)

Nikakosa repetisio mbili, mazoezi ya kwaya, ju ya malaria. Siku ya posho (jumamosi) jioni nasikia odi odi, watu kumi na moja! Moja ameleta sukari ndani ya sashe, wengine mikono mitupu, mama mudogo anazunguka hajui atawakalisha wapi, wakaimba wamesimama, wakaomba muda mrefu sana kuliko vile mugonjwa anaweza kuvumilia, wakaenda. Watoto wa pale nyumbani walinitazama tofauti kuanzia ile siku, kumbe huyu iko na watu.

Sasa Noeli inakaribia, kila mutu ashone, na asiyekuwa na iniforme siku ya sikukuu anakaa ku benchi na waamini wengine. Sheria ya kwaya, kila mutu anaijua, na mimi mpaka leo naiona mbaya ingawa sasa mimi njo mwenye kuisimamia. Mama mudogo alisema feza haiko, na kweli haikuwa. Nikasindikiza wenzangu kwa Mzee Fundi, nikakaa ku ngazi pale nje. Alipima wote, akaniangalia juu ya miwani.

«Na wewe?»

«Mimi sishone, Papa.»

«Nimekuuliza kama unashona? Leta mukono.»

Akapima, akaandika ku kayee na kalamu ya mti, hakusema kitu ingine. Suruali yangu ilitoka ndani ya mabaki ya vitambaa vya wengine, kwa hiyo kiungo kiko nyuma ya paja pale ambapo hapatakiwi kiungo, lakini ukisimama kwa besi mstari wa nyuma nani ataona. Kulipa utalipa polepole, alisema. Dola 8. Nilipovaa niliona ndani, chini ya miguu, amekunja kitambaa kingi, nikaweka vidole, vinne! Nikasema Papa hapa kumebaki kitambaa mingi. Akasema utarefuka, mwaka kesho uniletee nibomoe.

Mwaka kesho. Mimi ambaye sikuwa najua kama mwezi ujao bado niko Bukavu.

Alibomoa 2005, akabomoa tena 2006, kila mara alama ya pindo la zamani inabaki ku kitambaa kama mistari ya kayee, wenzangu wakanicheka, na mimi nikacheka.

Mzee mwenyewe si wa kanisa letu hata kidogo, ni mukatolika. Alikuwa Xaveri, chama cha vijana wakatolika, wakati wa utoto wake, na Xaveri wenyewe ni wa hapa hapa, ulianzishwa Bukavu 1952 na Padri Defour. Sisi waprotestanti tulikuwaka tunawaonea wivu zile fulari zao za shingoni, tunajifanya hatuoni. Alinihadisia siku moja tu: 1972, alikuwa na miaka 14, serikali ya Mobutu ikakataza chama zote za vijana za makanisa, kijana ni wa JMPR, vijana wa chama cha Mobutu, basi. Wakaambiwa fulari ziishe. Mama yake akachukua ya kwake akaifanya kitambaa cha kufunikia mikate. Alihadisia hivyo, akalamba uzi, akautia ndani ya sindano, tukaongea mambo mengine.

Na nisiwadanganye kama ile jenesi yetu ilikuwa mbinguni. Kulikuwa magomvi ya nani ashike mikro, kulikuwa feza ya mchango iliyopotea ikatafutwa na maombi. Kulikuwa dada moja wa sopurano aliyebeba mimba, wakamusimamisha kuimba, hiyo nilielewa wakati ule, lakini wakamuomba arudishe robe. Robe! Ikapelekwa kwa Mzee apunguze kifua kwa ajili ya msichana mwingine aliyeingia. Mzee akaichukua, akaitundika ku musumari nyuma ya mlango, na kila tukiuliza anasema hii iko na mwenyewe. Ilikaa pale zaidi ya mwaka. Kisha siku moja musumari ulikuwa mutupu na hakuna aliyeuliza, lakini yule dada tulimuona soko ya Kadutu ameivaa, anauza ndizi, bulu ya kwaya kabisa.

Haya, nirudi ku kazi. Ile nyota moja niliondoa ju ya kuchelewa, na hapo simuhurumii. Noeli 2005 tulianza wimbo wa kwanza na nguo za nyumbani, mutoto anakuja anakimbia na mzigo ku kichwa, tukavaa nyuma ya kanisa, shati bado moto ya pasi ku mgongo. Mwaka huu alisema siku ya tano (ijumaa), tukapata posho usiku saa mbili. Dawa iko moja, umuambie tamasha ni wiki moja mbele ya tarehe yenyewe. Anajua kama unamudanganya, lakini inasaidia. Ingine, vipimo vya kutuma kwa WhatsApp hapokei, kila mutu apande na mwili wake, kwa hiyo watu 26 ku zile ngazi munapanga siku mbili nzima. Resi (risiti) hakuna, ile kayee njo resi. Na dola iliyopasuka hata kidogo anairudisha, asubuhi, jioni, hata ukiwa pasta.

Safari hii tulikuwa na kijana moja mupya, ana wiki tatu ndani ya jenesi, alikaa pale pale ku ngazi akiangalia simu ya mwenzake. Mzee akamuita na kidole tu. Nguo zilipofika nilizipokea mimi, nikafungua ya yule kijana ya kwanza, nikaweka vidole ku pindo. Vinne.

Wakati wa kulipa ya mwisho nikamuambia Mzee, na ile ya kwangu ya 2004, sikuimalizaka. Nilizani atacheka aseme acha. Akaingia ndani, akakaa kule, akatoka na kayee imeliwa na mende pembeni, akatafuta na kidole, jina langu liko, limebaki dola 5. Nikatoa noti ya tano nikampa na mikono miwili. Akaiinua ku mwanga, akaigeuza, akanirudishia. Iko na tundu pembeni. Basi bado ananidai.