Chakula cha geko chui: poda na wadudu, nimewapanga kwa ubora

Kwetu Tanga mjusi kafiri hanunuliwi chakula. Taa ya barazani ikiwashwa anashuka ukutani, anadaka nondo na vinyenje, na bibi yangu anamtimua kwa ufagio. Huyu tunayemfuga hapa Uingereza ni jamaa yake wa mbali, geko chui, ambaye asili yake ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India. Ana kope, hana vidole vya kunata ukutani, na akiba yake ya mafuta iko mkiani. Mboga hali, matunda hali. Anakula wadudu tu, kwa hiyo chochote kitakachojenga mwili wake lazima kipitie kwa mdudu. Na mdudu wa dukani mara nyingi anafika kwako tumbo tupu.

Naliandika hili kwa uchungu. Geko wetu wa kwanza tuliuziwa pamoja na kopo la mabuu ya unga, tukaambiwa hilo linamtosha. Haikupita miezi mingi vidole vya mbele vikaanza kumtetemeka akitembea, na taya la chini ukiligusa linabonyea kama mpira. Daktari wa wanyama akasema ni matege: mifupa imekosa kalsiamu. Tulimtibu akaendelea kuishi, lakini mguu mmoja umepinda mpaka leo, na binti yangu kila akimtazama anauliza kama sisi ndio tuliokosea.

Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Geko anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na ikikaribia mara mbili yake ni bora zaidi. Wadudu wengi wako kinyume. Nyenje ana fosforasi mara 7 hivi ya kalsiamu yake, na buu la unga karibu mara 17. Ndiyo maana pesa ya kwanza naitaka iende kwenye poda, kabla hujamtazama mdudu yeyote.

Poda

Kwa anayeanza, hasa asiye na taa ya UVB (ile inayotoa miale kama ya jua), ya kwanza kwangu ni Repashy Calcium Plus. Kalsiamu, vitamini D3 (inayouwezesha mwili kuitumia kalsiamu) na vitamini nyingine zote zimo katika kopo moja, nayo imetengenezwa kwa kutumika kila mlo. Hakuna ratiba ya kusahau, na katika nyumba yenye watoto na kazi za zamu hilo ni jambo kubwa.

Ya pili ni makopo mawili, kwa mwenye taa ya UVB: kalsiamu isiyo na D3 kila mlo, na vitamini mchanganyiko kama ReptiVite mara mbili kwa mwezi. Zoo Med wanauza Repti Calcium ya aina mbili, yenye D3 na isiyo nayo, na makopo yanafanana sana, kwa hiyo soma kabla ya kulipa. Geko anayepata UVB anajitengenezea D3 mwenyewe. Ukimwongezea nyingine kila siku inarundikana mwilini, kwa sababu haitoki na mkojo, na ikizidi inadhuru.

Poda ambayo chanzo chake pekee cha vitamini A ni beta-karotini, iache. Geko chui hategemewi kuigeuza vizuri kuwa vitamini A, na upungufu unaonekana machoni: yanavimba, na ngozi anayoambua inakwama kwenye kope. Tafuta lebo inayotaja retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari. Nunua kopo dogo, andika tarehe ya kulifungua, na baada ya miezi 6 nunua jingine, maana vitamini hupungua nguvu.

Wadudu

*1. Mende wa Dubia.* Mke wangu alikataa katakata mende kuingia ndani, nami namwelewa. Lakini hawa wa Amerika ya Kusini si wale wa jikoni. Hawapandi plastiki laini, hawalii, hawanuki, na wanahitaji joto la karibu nyuzi 30 ndipo wazaane, joto ambalo nyumba ya Uingereza haina. Wana protini nyingi na mafuta ya wastani. Uzuri mwingine ni kwamba wanaishi muda mrefu: boksi moja halikufii kabla hujalimaliza. Weka trei za mayai ndani ya beseni refu, basi. Leo mke wangu ndiye anayewapa karoti.

*2. Nyenje.* Wanapatikana kila mahali, boksi moja pauni 3 hivi, na geko anapenda kuwakimbiza. Ubaya wao ni kelele, harufu na kutoroka. Nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, walipukutishwa na virusi kwenye mashamba ya Ulaya kuanzia 2002, na wauzaji wengi wakahamia nyenje wenye mistari. Ukiwakuta wenye mistari, chukua hao. Ni wagumu zaidi kufa.

*3. Funza wa nzi chuma*, wale wanaofugwa kwa takataka ili kulishia kuku. Ni wa pekee katika orodha hii: kalsiamu yao inazidi fosforasi kwa zaidi ya mara mbili. Ningewaweka juu zaidi, ila ngozi yao ni ngumu na wengine hutoka na kinyesi bila kusagika tumboni. Wape mara moja kwa wiki, juu ya chakula kingine.

*4. Nzige.* Ni yuleyule wa jangwani aliyekula mashamba ya Kenya mwaka 2020. Hapa anauzwa ndani ya kiboksi. Chakula kizuri, bei kubwa. Mkiwa Marekani hamtawapata dukani.

*5. Mabuu ya unga.* Rahisi, wanakaa kwenye friji wiki kadhaa. Kwa geko mkubwa tu, wakichanganywa na wengine, na kamwe usiwape bila poda.

*6. Funza wa nta*, wale wanaoharibu mizinga ya nyuki. Robo ya uzito wao ni mafuta. Ni peremende. Geko aliyezoea hawa atasusa vingine vyote.

Ukishafika nyumbani

Usimpe geko siku hiyohiyo. Walishe wadudu kwanza saa 24 hadi 48: sukuma wiki, karoti, viazi vitamu. Mchicha usiwape, una oksalati inayoshika kalsiamu isitumike. Maji ya bakuli yanawazamisha nyenje. Karoti au kipande cha chungwa kinatosha.

Wakati wa kulisha, watie wadudu kwenye mfuko pamoja na poda kidogo, utikise taratibu. Watoke weupe kama watu waliotoka mashineni kusaga. Kisha mpe geko papo hapo, kwa sababu nyenje hujipangusa, na ukichelewa poda yote imebaki sakafuni. Upana wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya geko. Mtoto anakula kila siku, mkubwa mara 2 au 3 kwa wiki.

Wadudu wa bustanini usiwaokote, hujui wamepitia dawa gani. Na kimulimuli asiingie kabisa: sumu ya mmoja tu imewahi kuua mijusi wakubwa kuliko geko.

Kabla ya kulala pitisha tochi ndani ya tangi uwatoe nyenje waliobaki. Wakiona njaa wanamng'ata geko akiwa amelala, na huanzia kwenye vidole na kope.