Cheti cha NCCPA kwa PA wapya Marekani: mtihani safi, foleni ndefu

Anayehitimu masomo ya PA (physician assistant, yaani msaidizi wa daktari) nchini Marekani hana pa kuikwepa NCCPA, tume inayotoa cheti cha kitaifa cha PA. Majimbo yote yanataka afaulu mtihani wake, PANCE, ndipo apewe leseni ya kupima wagonjwa na kuandika dawa. Ada ni dola 550. Kwa upande wa mtihani, pesa hiyo inaenda kihalali. Kwa yanayofuata baada ya kufaulu, ajipange mwenyewe.

Kwanza sharti linalowaumiza Waafrika Mashariki wengi waliohamia huko: mtihani huu ni wa waliohitimu programu zilizoidhinishwa na ARC-PA, chombo kinachokagua vyuo vya PA Marekani, tu. Tabibu wa Kenya au Tanzania, hata awe amekaa wodini miaka 15, hawezi kuufanya kwa diploma ya nyumbani. Itambidi arudi darasani miaka miwili na ushee. Wakala akikwambia ipo njia ya mkato, usimpe hela yako.

Maombi yanapokelewa kuanzia siku 180 kabla ya kuhitimu, na mtihani unaweza kufanywa mapema kabisa siku 7 baada ya kuhitimu, katika vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE. Hapa majina huwaangusha watu wetu. Pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva mawili, na chuo kimeandika la babu kama la ukoo. Jina la kwanza na la mwisho kwenye maombi yasipolingana na kitambulisho, unarudishwa mlangoni. Rekebisha kabla ya kulipa.

Mtihani wenyewe umepangwa vizuri: maswali 300, sehemu tano za maswali 60, dakika 60 kila sehemu. Ukishafunga sehemu hurudi nyuma. Mapumziko ni dakika 45 kwa siku nzima, unazigawa utakavyo, na wengi huzimaliza mapema, wakaingia sehemu ya tano wakiwa na njaa na macho mazito. Bora dakika 10 kila baada ya sehemu, zinazobaki ziwe akiba. Usiache swali wazi, kwa kuwa kubahatisha hakukatwi alama. Moyo na mishipa ya damu ndiyo mada yenye maswali mengi kuliko zote, ikifuatiwa na mapafu. Anayetumia wiki nzima kwenye magonjwa adimu huku hajaelewa shinikizo la damu anajipunja.

Alama hutolewa kati ya 200 na 800, na ya kufaulu ni 350. Matokeo kwa kawaida hutoka ndani ya wiki mbili, na zaidi ya watahiniwa 9 kati ya 10 hufaulu mara ya kwanza. Aliyeanguka husubiri siku 90, na anaruhusiwa majaribio sita ndani ya miaka sita. Ni utaratibu wa haki.

Sasa foleni. Cheti si leseni, na leseni si ruhusa ya kuanza kazi. Baada ya kufaulu unaomba leseni ya jimbo, kisha namba ya NPI, inayomtambulisha kila mtoa huduma ya afya na ambayo ni bure, kisha usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka mitatu. DEA hufuata jimbo, kwa hiyo ukilipa kabla hujajua utafanya kazi wapi, unajitafutia kazi ya kubadilisha makaratasi. Halafu hospitali na kampuni za bima huhakiki historia yako yote, na hapo miezi mitatu au minne hupita kirahisi. Kinachochelewesha sana ni pengo la tarehe lisiloelezwa, au mtu uliyemtaja athibitishe kazi yako asiyejibu barua pepe. NCCPA ingewafaa sana wapya kama ingewaonyesha mfuatano huu mahali pamoja, siku ile ile ya matokeo. Kodi ya nyumba na mkopo wa chuo havisubiri uhakiki.

Ripoti ya NCCPA ya kila mwaka kuhusu PA wapya ni bure na inafaa kusomwa kabla ya kujadili mshahara. Soma safu ya fani yako, usiishie kwenye wastani wa wote.

Cheti huisha tarehe 31 Desemba ya mwaka wa pili baada ya mwaka uliofaulu. Kufikia hapo uwe umekusanya saa 100 za mafunzo endelevu, angalau 50 zikiwa za daraja la kwanza (Category 1, yaani mafunzo yaliyoidhinishwa rasmi). Muulize mwajiri kuhusu bajeti ya mafunzo hayo kabla ya kutia saini mkataba.