Relic: nilitafuta mzimu, nikamkuta bibi

Niliiweka filamu ya Relic usiku nikiwa peke yangu, taa nimezima, nataka kitu cha kunirusha kitini. Dakika 89 baadaye majina ya waigizaji yanapita kwenye skrini nami nimeduwaa, namuwaza marehemu bibi yangu, ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa akiniita kwa jina la mdogo wake.

Ni filamu ya Australia ya mwaka 2020, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Natalie Erika James. Edna, mjane anayeishi peke yake katika nyumba kubwa karibu na msitu, ametoweka. Binti yake Kay na mjukuu wake Sam wanafunga safari kwenda kumtafuta. Asubuhi moja wanamkuta jikoni anaandaa chai, miguu peku, imejaa matope, kama vile alitoka kidogo tu. Alikuwa wapi? Hasemi.

Mimi nilishikwa mapema na vikaratasi. Nyumba nzima imebandikwa vikaratasi vya kujikumbusha mambo, kimoja cha kumeza dawa, halafu unafika kwenye kingine kinachosema usikifuate. Usikifuate nini? Aliyewahi kukaa na mzee anayepoteza kumbukumbu atajua kwamba hapo hahitajiki mzimu wowote. Bibi yangu alikuwa anafunga hela kwenye kitambaa, anaficha, kisha anatuita wezi.

Ndiyo maana tukio la pete lilinichoma. Edna anamvisha Sam pete yake kwa upendo kabisa. Baadaye anaiona kidoleni, hakumbuki kuitoa, anaing'ang'ania na kuivuta kwa nguvu mpaka anamuumiza mtoto wa watu. Robyn Nevin, anayemwigiza Edna, anabadilika uso bila kupiga kelele nyingi. Dakika moja ni bibi, dakika inayofuata humjui. Emily Mortimer naye, kama Kay, amebeba ile hatia ya mtoto aliyekuwa hapigi simu mara kwa mara na sasa anakwenda kukagua makao ya wazee huku akijua mama hatataka.

Lawama ninazo. Sehemu ya katikati ina giza kupita kiasi. Nilipandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho na bado kuna mahali nilikuwa nasikiliza tu. Na pale Sam anapopotelea ndani ya kuta, vyumba vinabana na korido zinarudi zilikotoka, filamu inakaa hapo mno. Wazo nililielewa: nyumba imekuwa kichwa cha Edna. Nusu ya muda ule ingetosha. Anayependa filamu za kushtua kila baada ya dakika tano ataboreka, na sitamlaumu.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Kuvu nyeusi iliyoanza ukutani imehamia kwenye mwili wa Edna, ngozi inaachia. Wamepata nafasi ya kukimbia, mlango uko pale, na Kay anageuka. Anambeba mama yake hadi kitandani na kumbandua ile ngozi polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha, mpaka kinabaki kiumbe cheusi kinachopumua kwa shida. Kisha anajilaza kando yake. Sam naye anapanda kitandani nyuma ya mama yake, na hapo anaona alama nyeusi mgongoni mwa Kay. Nilirudisha nyuma kuitazama tena. Mara ya pili sikuangalia kile kiumbe, niliangalia mikono ya Kay tu.

Nimesoma kwamba wazo lilimjia mwongozaji baada ya kumtembelea bibi yake Japani, aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer na hakumtambua tena. Inaonekana. Hakuna anayemcheka Edna, wala filamu haimgeuzi kuwa mchawi.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Juzi mama aliniuliza ile filamu niliyoitazama mpaka usiku wa manane inahusu nini. Nilimwambia ni mambo ya mizimu tu.