TAHADHARI: Mnaokwenda Saigon, muogopeni huyu jamaa wa "ziara ya msosi kwa pikipiki"

Wadau wa korosho na wote mnaopitia Vietnam msimu huu, someni hii halafu mrushieni wenzenu. Kuna tapeli pale Saigon, Ho Chi Minh City kwa jina la kwenye tiketi, anazunguka maeneo ya soko la Ben Thanh akiuza ziara za usiku za kula vyakula vya mitaani kwa pikipiki. Kanipiga. Kampiga na mwenzangu yule mnayemjua, mtu ambaye konda wa daladala hajawahi kumla hata shilingi mia.

Kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni kwa nini nilimwamini. Hakuja kitapeli. Alitukuta nje ya hoteli, shati limepigwa pasi, helmeti mbili safi mkononi, akauliza tunatoka wapi. Tukasema Tanzania. Akatoa daftari la jalada gumu limejaa maneno ya wateja wake, Kifaransa, Kijerumani, Kikorea, akafunua taratibu mpaka ukurasa mmoja, akaweka kidole. Kiswahili! Tena Kiswahili kilichonyooka: huyu ndugu ni mwaminifu, ametuzungusha mji mzima tumekula tumeshiba, msisite. Jamani, siku zote hizo kule kwenye viwanda vya kubangua korosho vya Binh Phuoc unaongea kwa ishara na kikokotoo, halafu mtu anakufunulia lugha ya kwenu kwa mwandiko wa kalamu. Nani angekataa? Na wewe uliyeandika ukurasa ule, kama upo humu, jitokeze useme alikupa nini.

Bei aliandika kwenye karatasi: 600. Kule sifuri tatu za mwisho hawahangaiki nazo, kwa hiyo 600 ni dong laki sita. Ukitoa sifuri moja unapata kama shilingi zetu, yaani elfu sitini hivi kwa watu wawili, pikipiki mbili, madereva wawili na chakula vituo vitano. Kampuni zenye ofisi nilizoziangalia zilikuwa zinaanzia dola 25 kwa kichwa. Tukaona tumeokota.

Nisiseme uongo, mwanzo tulifaidi. Unavuka njia panda katikati ya mto wa pikipiki, hakuna anayesimama, wote wanakukwepa, na hakuna anayetukana. Kuna mama alitukaangia banh xeo, unga wa mchele na manjano na tui la nazi, inalia kikaangoni, ndani kamba, unaikata unaifunga kwenye majani mabichi unachovya kwenye mchuzi wa samaki. Yule mama sina ugomvi naye, Mungu ambariki. Tukapita soko la maua la Ho Thi Ky, tukala, tukapiga picha. Mpaka hapo jamaa alikuwa ndugu yetu.

Kituo cha mwisho ni mtaa wa Vinh Khanh, Wilaya ya 4. (Wilaya zilifutwa kwenye utawala Julai 2025 lakini watu bado wanaziita vilevile.) Mtaa mzima ni konokono, kaa, chaza, vigoda vya plastiki mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyeagiza, sisi tunacheka tu. Konokono wa tui la nazi, vitu vya ganda vya kuchoma vimemwagiwa majani ya kitunguu na karanga, sahani juu ya sahani. Bili ikaja: milioni moja na laki tisa. Namuuliza, si ulisema chakula kimo? Anasema chakula kimo, vitu vya baharini havimo.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Akaniambia kwa upole kabisa, nipe mimi nikalipe, ukienda wewe mgeni watakuongezea. Nikahesabu noti nne za laki tano, moja, mbili, tatu, nne, nikampa mkononi. Akageuka nusu mgongo kuelekea kwa mwenye duka, hatua mbili hazikufika. Akarudi kanuna. Akafungua kiganja chini ya taa: noti mbili za laki tano na noti mbili za elfu ishirini. "Rafiki, umekosea."

Kwa ambaye hajazishika: noti ya elfu ishirini na ya laki tano zote ni za bluu bluu, zote za plastiki, zote zina uso wa Ho Chi Minh. Nyuma moja ina daraja la Hoi An na nyingine nyumba ya kijijini kwake Ho Chi Minh, lakini nani anageuza noti usiku, moshi wa mkaa umejaa machoni na watu wanakutazama? Tena alinirudishia zile elfu ishirini kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtoto anayempa babu maji. Nikaona aibu MIMI. Nikamwomba radhi MIMI! Nikaongeza laki tano mbili nyingine. Nilipofika hotelini ndipo nikakumbuka kwamba mashine ya benki ilinipa za laki tano tupu, na elfu ishirini nilizokuwa nazo ziliishia kwenye kahawa mchana. Dada wa mapokezi hata hakushangaa.

Na hakuishia hapo. Walitupandisha tena wakazunguka, wakasimama kwenye kichochoro, akasema 600 ilikuwa ya kila pikipiki, kila saa. Saa tatu, pikipiki mbili: milioni tatu na laki sita. Tukavutana. Wakatokea vijana wengine wawili wakasimama tu, hawasemi. Tukamalizana milioni mbili. Jumla usiku ule tumeacha karibu laki tano za kwetu, na kumbe tulikuwa tukivuka daraja la mfereji tu tungefika karibu kabisa na hoteli. Grab ya pikipiki, yaani bodaboda ya kuita kwa simu, ingetutoza dong elfu ishirini au thelathini.

Huyu mtu anyang'anywe hiyo pikipiki. Lile daftari lichomwe mbele yake pale pale Ben Thanh. Polisi wao ni 113, hoteli walisema tupeleke taarifa kituo cha kata, lakini ndege yetu ilikuwa alfajiri na yeye alijua, maana aliuliza tunaondoka lini, nasi tukamjibu! Laiti ningekuwa na siku moja zaidi.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Helmeti hazina jina la kampuni. Hakutaka kuandika sifuri zote wala neno "jumla". Hakutaka kuingia kwenye picha. Mwenzangu aliuliza mara tatu kwenye mkate wa banh mi kama kuna kitimoto, akaambiwa ng'ombe, ng'ombe. Akaelekeza simu yenye tafsiri kwa mwenye mkokoteni, ikatoka nguruwe. Tukasema labda hakuelewa. Na menyu ya Vinh Khanh haikuwa na bei, wanaandika thoi gia, bei ya siku, hapo uliza bei ya kilo kabla hawajapima. Laki tano ziwekeni mfuko wa peke yake, na mlipe wenyewe, noti moja moja, mkiitaja kwa sauti.

Namba ya pikipiki yake niliipiga picha kwa nyuma, imetoka na ukungu kidogo ila inasomeka. Anayekwenda Saigon mwezi huu anifuate inboksi nimpe. Na yule wa daftari, bado nakusubiri.