Simulizi ya kulipia kwenye WhatsApp: 2,000 inayomfikia mwandishi mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani Morogoro, na burudani yangu ya usiku ni simulizi. Mwandishi ninayemfuatilia huweka sehemu kumi za mwanzo bure Facebook. Zikikolea tu, anakata: ukitaka yote, shilingi 2,000. Unatuma kwa M-Pesa, unamwonyesha ujumbe wa muamala, anakuingiza kwenye kundi.

Huduma nimeikubali. Sehemu zinaingia saa tatu usiku, Jumapili tu ndiyo anapumzika. Kundi amelifunga, anaandika yeye peke yake, kwa hiyo husumbuliwi na salamu wala matangazo ya vitenge. Mtoto wake alipougua alitutaarifu mapema, kesho yake tukapata sehemu mbili. Uhariri ndio umelegea. Kuna dada aliyeingia kwenye hadithi akiitwa Rehema, akaolewa akiwa Rukia, na "r" na "l" zinapishana kila ukurasa.

Halafu pigeni hesabu. Mrabaha wa vitabu mara nyingi huzungukia asilimia 10. Kwa kiwango hicho, kitabu cha 15,000 dukani kinamwachia mwandishi 1,500, tena baada ya kungoja. Hii 2,000 yangu inaingia kwenye simu yake papo hapo. Ndiyo maana huwa naweka na ya kutolea, na sehemu ikinikosha sana namtumia elfu moja ya bando juu yake. Si kwamba duka la vitabu halina maana. Siku akichapa, nitakwenda kununua.

Kinachoniuma ni watu wanaonunua kisha wanamwaga simulizi nzima kwenye makundi mengine. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, lakini mwandishi wa simulizi ya 2,000 atamshitaki nani kati ya namba zote hizo? Jirani akiniomba nimrushie, nampa namba ya mwandishi. Akiwa hana pesa, namlipia.

Nimemwandikia ombi moja: aanzishe malipo ya mwezi kwa wasomaji wake wa kudumu. Sasa hivi simulizi ikiisha anakaa wiki kadhaa bila senti mpaka nyingine ianze, na sisi tupo, pesa tunazo, tunasubiri tu. Na atafute mhariri. Kwa ajili ya mhariri, hata akipandisha mpaka 3,000 nitalipa.